Kila Homa Taifodi?

ZAWADI: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Zawadi, niko na kaka Mutua hapa Nairobi. Leo ni vipimo vya maabara. Kaka, anza na habari ya mdogo wako.

MUTUA: Mwaka jana alishikwa na homa na kikohozi, usiku analowa jasho mpaka shuka. Akaenda kliniki moja ya mtaani, akatolewa damu, na kabla hajamaliza soda yake akaambiwa ana taifodi. Shilingi 300 tu. Akapewa dawa. Baada ya wiki 2 homa ikarudi. Kipimo kile kile, jibu lile lile, dawa nyingine.

ZAWADI: Hicho ni kipimo cha Widal. Nimekifanya kwa mikono yangu mara nyingi nilipokuwa maabara. Unaweka tone la majimaji ya damu kwenye kigae cheupe, unaongeza tone la dawa ya kupimia, halafu unatikisa kigae polepole. Ukiona chembechembe zinashikana kama maziwa yaliyokatika, unaandika chanya. Ni kipimo cha zamani sana, Mfaransa Fernand Widal alikieleza mwaka 1896.

MUTUA: Na kosa lake liko wapi?

ZAWADI: Hakimtafuti bakteria wa taifodi mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani chembe ambazo mwili hutengeneza kupigana na ugonjwa, na hizo hubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona. Hata bakteria wa jamii nyingine, hata malaria, vinaweza kukidanganya. Kwa mji kama huu, chanya moja ya Widal haitoshi kumpa mtu dawa. Mimi naumia nikikumbuka majibu niliyoandika.

MUTUA: Na ile "malaria na taifodi" tunayoambiwa wote?

ZAWADI: Malaria ina kipimo kizuri cha haraka. Tone la damu ya kidole, dakika 15 hadi 20, kinatafuta protini ya kimelea chenyewe. Mstari wa C usipotokea, kitupe, hakijafanya kazi. Ila Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi, kuna baridi, kwa hiyo malaria haiambukizwi sana hapa. Daktari lazima akuulize: umetoka ziwani? Umetoka Pwani? Asipokuuliza, mwambie mwenyewe.

MUTUA: Taifodi ya kweli basi inajulikanaje?

ZAWADI: Kuotesha damu, yaani kuiweka maabara uone kama bakteria wataota. Inachukua siku kadhaa na bei iko juu, ndiyo maana watu wanaikimbia. Lakini inakuonyesha bakteria, na inakuambia ni dawa gani bado inamuua. Damu itolewe kabla hujameza antibiotiki, kaka. Ukishameza, bakteria wanaweza wasiote.

MUTUA: Mdogo wangu alishameza za shilingi 6,000. Mama ndiye aliyekataa, akampeleka hospitali ya serikali. Wakampa kikopo, wakamwambia avute pumzi, akohoe kutoka kifuani, wasione mate. Hakulipa kitu.

ZAWADI: Makohozi yale yanachanganywa na dawa, yanatikiswa, yanakaa dakika 15, kisha yanatiwa kwenye katriji, kikasha kidogo cha mashine ya GeneXpert. Mashine inatafuta vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu, na inasema kama rifampicin, dawa kuu ya ugonjwa huo, bado inamuua au la. Haifiki saa 2. Shirika la Afya Duniani liliiidhinisha Desemba 2010. Kabla ya hapo tulitegemea darubini, ambayo huwakosa wagonjwa wengi, au kuotesha kwa wiki nyingi.

MUTUA: Lakini jibu lake lilikuja kesho yake.

ZAWADI: Kwa sababu mashine nyingi zina nafasi 4 tu, na sampuli za kliniki ndogo huja kwa pikipiki zikapanga foleni. Stima ikipotea, mnasubiri. Na katriji si bure kwa anayeinunua: mwaka 2023 bei kwa nchi kama yetu ilishushwa kutoka dola 9.98 hadi 7.97, na bado ni nzito. Hapo ndipo ningependa pesa za kaunti ziende, mashine zisogee karibu na mgonjwa.

MUTUA: Jibu lilikuwa TB, na rifampicin inafanya kazi. Alimeza dawa miezi 6. Halafu wakamrudisha kwenye darubini, tukashangaa.

ZAWADI: Ni sawa kabisa. GeneXpert inaweza kuokota vinasaba vya bakteria waliokwisha kufa, ikawatia hofu bure.

MUTUA: Kumbe. Basi karatasi yake iliandikwa hasi, na mama ameibandika ukutani, karibu na kalenda.