Nguruwe wa Usiku Kucha: Babekyu ya North Carolina na Mikono Iliyoianzisha

Hamjambo ndugu zangu, karibuni tena. Leo nimewaleta Ayden, mji mdogo mashariki mwa North Carolina, kama saa moja na nusu kwa gari kutoka Raleigh ninakokaa. Niseme mapema kwamba video hii ni ya babekyu, yaani nyama inayookwa taratibu kwa makaa na moshi, na nyama yenyewe ni ya nguruwe mwanzo mpaka mwisho. Ndugu zangu msiomla, Waislamu na Wasabato, nawaheshimu sana. Kaeni tu tusikilize historia, maana ni historia ya watu weusi, na ufundi wenyewe unafaa pia kwa bega la mbuzi au la kondoo. Kule Owensboro, jimbo la Kentucky, babekyu wanayojivunia ni ya kondoo.

Jengo hili lenye kuba juu ya paa, mfano wa lile la Bunge la Marekani, ni Skylight Inn. Marehemu Pete Jones aliufungua mgahawa huu 1947, na mpaka leo uko mikononi mwa familia yake. Chakula chenyewe hakina mbwembwe: nyama iliyokatwakatwa, kipande cha mkate wa mahindi, na saladi ya kabichi, vyote kwenye trei ya karatasi.

Sasa niwaeleze mambo ya jikoni, kwenye mashimo. Kwetu Uchagani mnaijua ndafu, mbuzi mzima anayepelekwa harusini. Hapa ni nguruwe mzima, ila mwali wa moto haumgusi hata kidogo. Kuni za mwaloni zinachomwa pembeni mpaka ziwe makaa mekundu, halafu mpishi anayachota kwa koleo na kuyatawanya chini ya wavu. Kuna ujuzi mkubwa katika kumwaga yale makaa. Mengi yanakwenda chini ya mapaja na mabega, kwenye nyama nene. Katikati, chini ya tumbo, anaweka machache sana, kwa sababu tumbo likipata joto sawa na paja litaungua kabla paja halijaiva. Anafunika, anangoja, anaongeza koleo jingine, kuanzia jioni hadi asubuhi. Wapishi wa zamani husikiliza mafuta. Yakidondoka moja moja, tss, tss, moto uko sawa. Yakichachatika mfululizo, makaa yamezidi.

Asubuhi mtu anasimama kwenye gogo na mapanga mawili mafupi, moja kila mkono, anakatakata. Bega, paja, tumbo, vyote vinachanganywa, na ngozi iliyokauka ikawa kama bisi nayo inapondwa humohumo. Siki, chumvi na pilipili vinamwagwa palepale kwenye gogo. Ukitia mdomoni, unapata ulaini, halafu ukali wa siki, halafu kipande cha ngozi kinavunjika kwenye jino. Nimekula nyama nyingi nchi hii, na hii naiweka juu ya zote.

Nguruwe hakuwa mnyama wa bara hili. Wahispania ndio waliomleta. Hernando de Soto alitua Florida 1539 na nguruwe wachache, na katika miaka michache tu wakawa mamia. Walipenda misitu ya kusini, wakajilisha wenyewe kwa mbegu za mialoni, kwa hiyo hawakumgharimu mkulima kitu. Wenyeji wa visiwa vya Karibi walikwishajua kukausha na kuoka nyama juu ya wavu wa miti, taratibu, kwa moshi. Lakini kwenye mashamba ya Virginia na Carolina, aliyechimba shimo, akapasua kuni na kukesha na nguruwe alikuwa Mwafrika aliyetumikishwa. George Washington aliandika kwenye shajara yake 1769 kwamba alikwenda Alexandria kwenye babekyu, akalala hukohuko. Waliompikia hakuwaandika.

Lakini mmoja wa wapishi wa enzi za utumwa tunamjua kwa jina. Miaka ya 1930 serikali ya Marekani ilituma waandishi kuwahoji wazee waliozaliwa utumwani. Huko South Carolina walimkuta mzee Wes Jones, akawaeleza kazi yake: alikesha akipaka nyama mchuzi wa siki, pilipili, chumvi, siagi, vitunguu na majani ya viungo, kwa kitambaa laini alichokifunga kwenye mti mrefu, mpaka mchuzi ukawa unachuruzika motoni. Mapishi kamili, kutoka kinywani mwa aliyeyapika. Nikiona kipindi cha babekyu kinachowataja wazungu watupu, moyo unaniuma, kwa sababu ushahidi upo na unasomeka.

Baada ya kutoka utumwani, watu weusi waliendelea kupika, kwenye sikukuu ya uhuru wa Marekani ya tarehe 4 Julai, mikutano ya siasa, mavuno ya tumbaku. Walipohamia mijini walihama na ujuzi wao. Henry Perry, mtu mweusi kutoka upande wa Memphis, alianza kuuza nyama kwenye kichochoro cha Kansas City yapata 1908, na mji ule wote unamhesabu kuwa baba wa babekyu yake. Hapa North Carolina tuna Ed Mitchell wa Wilson. Baba yake alipofariki, mama alibaki na duka lililodorora, naye Ed akamwokea nguruwe ili kumliwaza. Mteja akaingia, akainusa, akauliza kama inauzwa. Biashara ikaanzia hapo. Jirani zetu wa South Carolina wana Rodney Scott, aliyeoka nguruwe wake wa kwanza akiwa na miaka 11, na 2018 akapewa tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa kanda yake.

Kuna ubishi wa mchuzi. Mashariki hapa ni siki na pilipili basi. Ukienda Lexington, upande wa magharibi, wanaoka mabega tu na kutia nyanya kidogo kwenye siki. Sid Weaver alipiga hema mbele ya mahakama ya mji huo 1919, na tangu 1984 wana tamasha kila Oktoba. South Carolina wanatia haradali. Mimi ni wa mashariki, siki inakata mafuta na nyama inabaki kuwa nyama.

Mkitaka kujaribu nyumbani, chukueni bega lenye mfupa la kilo 3 au 4, lipakeni chumvi usiku uliotangulia. Makaa yakae upande mmoja wa jiko, nyama upande wa pili, pawe na mfuniko. Ongezeni kipande cha mwembe au mpera uliokauka kwa ajili ya moshi. Msitumie mabaki ya fanicha, yana rangi na dawa. Joto la ndani ya jiko liwe kama nyuzi 110. Nyama ikifika nyuzi 65 au 70 itakwama hapo kwa saa kadhaa, nanyi mtadhani moto umekufa. Ni maji yanayotoka kwenye nyama, yakivukizwa yanaipoza. Msiongeze makaa kwa hasira, ngojeni. Zile nyuzinyuzi ngumu zinazoshika nyama zinahitaji muda huo ziyeyuke ziwe ulaini. Ikifika nyuzi 90 hadi 95, shikeni mfupa wa bega kwa vidole, utachomoka wenyewe. Wenye hofu ya minyoo ya tegu, joto hilo limeshapita mbali kiwango cha kuiua.

Mchuzi ni vikombe viwili vya siki, kijiko cha pilipili ya kusaga, cha chumvi, cha sukari, na pilipili manga kidogo. Uchanganyeni siku moja kabla, ukali utatulia. Bega la kondoo linakubali mchuzi huohuo.

Dada mmoja wa Arusha aliniuliza kama jiko la gesi linafaa. Nyama italainika, ndiyo, na hata hapa migahawa mingi imehamia gesi kwa sababu kukesha ni kazi na kuni ni ghali. Ila moshi ndio ladha, dada yangu, tafuta mkaa. Mkipika, niandikieni mlitumia kuni za mti gani.