Noti za vita: zile mbaya ndizo tunazitafuta

Haya, mnanisikia huko nyuma? Poa. Niliombwa niongee juu ya noti za dharura za wakati wa vita, na najua kuna wenye mmekuja mkingoja Ujerumani, zile Notgeld za miji yao zenye rangi na michoro, lakini hizo nitazipita mbio kwa sababu nyingi za 1921 na 1922 zilichapishwa zikiwalenga wakusanyaji wenyewe. Ni kama manispaa ilikuwa inauza picha tu. Nzuri kwa macho, lakini mimi hazinisisimui.

Twende hapa jirani, Tanganyika. Kabla ya vita ilikuwa koloni la Mjerumani, benki yake ikiitwa Deutsch-Ostafrikanische Bank, na noti zake za 1905 zilitoka Leipzig huko Ujerumani, kazi safi, ile ya rupia 5 ina simba wawili. Sasa vita ikaanza 1914, meli za Muingereza zikafunga pwani, noti mpya haziwezi kuingia, na huku wananchi hawakuwa wajinga, mtu akishika rupia ya fedha anaificha, harudishi sokoni. Maaskari wanataka mshahara, mwenye mahindi anataka kulipwa, serikali haina kitu mkononi. Basi kutoka Machi 1915 benki ikaanza kujichapishia Dar es Salaam, kwa karatasi yoyote iliyopatikana, leo hii kesho ile, na wafanyakazi wanakaa chini wanatia sahihi kwa mkono, noti baada ya noti. Ndio maana ile ya rupia 1 ina aina nyingi mpaka kichwa kinauma, karatasi tofauti, sahihi tofauti, tarehe tofauti, na kuna watu wamezeeka wakitafuta moja tu iliyobaki.

Tabora nako, 1916, karakana ya reli ikageuzwa ikawa kiwanda cha sarafu, wakapiga rupia 15 za dhahabu zenye tembo, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke. Hiyo ndiyo kila mtu huulizia. Sawa, ni tamu, lakini mkiniuliza mimi nitachukua noti za porini za 1917. Hapo Tabora ilikuwa imeshaanguka, Septemba 1916, jeshi la Mjerumani linarudi nyuma kusini, matbaa hakuna, so wakachapa kwa herufi za mpira kama vile vya watoto kuchezea, mistari imepinda upande, wino umeparara. Ukiiangalia unasema hii si pesa jameni. Lakini hiyo sura yake yote ndiyo hali ya vita yenyewe, hakuna mchoraji wa Leipzig angeweza kukuonyesha hivyo.

Na hizo karatasi zilikuwa deni. Maaskari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, walisalimu amri Abercorn, leo ni Mbala huko Zambia, Novemba 1918 wakidai mishahara, na ni mpaka 1964 ndio bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa wazee waliobaki hai. Fikiria, miaka 46! Wapagazi je? Wale wa upande wa Muingereza mnawajua, sanamu yao iko hapo Kenyatta Avenue, Nairobi, mnaipita kila siku mkikimbilia matatu.

Na msidhani sisi tulikuwa salama. Vita vya pili, sarafu zikawa adimu, bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki ikatoa noti ya shilingi 1, ya tarehe 1 Januari 1943. Kama shosho yako alihifadhi Biblia ya zamani, ipekue polepole.

Mkipata, tafadhali, msipige pasi, msioshe, na hizo laminesheni za cyber ziachaneni nazo kabisa, noti ikishapikwa kwa plastiki imekwisha. Noti za porini ndizo rahisi kughushi, mpira na wino kila mtu anao, kwa hivyo tazama karatasi na sahihi kwanza kabla ya kufurahia, na anayekuharakisha ununue mwache aende.

Nimemaliza, lete maswali. Mzee wangu hapo nyuma mwenye bahasha, shikamoo, wewe njoo kwanza tuione.