Kiputo cha Hewa Ndani ya Kapasita

Ndugu zangu, kapasita hii niliyoishika, yaani kifaa cha kuwekea chaji ya umeme, nimeisokota mwenyewe mezani: karatasi mbili za alumini, zile za kufungia chakula, na polithini katikati, vikaviringishwa kama mkeka, kisha vikazamishwa ndani ya mafuta. Mwaka 1746 kule Leiden, Uholanzi, mwanasayansi Musschenbroek alitumia chupa ya maji tu. Ikampiga, akaandika kwamba hata apewe ufalme wa Ufaransa harudii.

Sasa, mafuta ya nini? Wengi mtasema ya kupoza. Kazi yake ya kwanza ni kufukuza hewa. Alumini hailali sawasawa juu ya plastiki. Ina vikunjo, na kila kikunjo kimebana hewa. Hewa hiyo hubebeshwa mkazo wa umeme mara mbili na ushee ya ule wa polithini, na yenyewe ndiyo dhaifu. Zima taa usikilize: inachirizika, inanuka ozoni, na plastiki inaliwa kidogo kidogo mpaka itoboke. Mvumbuzi Tesla alilijua hilo. Hataza yake ya 1897 huko Marekani inaeleza kunyonya hewa kwanza, ndipo kihami (kitu kisichopitisha umeme) kilichoyeyushwa kiingizwe.

Ila msiende kukinga mafuta ya transfoma kuukuu. (Wako wanaoyakaangia chipsi, Mungu atunusuru.) Ya zamani huweza kuwa na PCB, sumu iliyomo kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa 2001, ule wa kemikali sumu zisizooza upesi.

Chombo chenyewe ni bomba la PVC na vifuniko vyake. Cha kwanza kilinivujia, nikalaumu gundi wiki nzima. Kumbe mafuta yalikuwa yanapanda ndani ya waya! Waya wa nyuzi nyingi huyafyonza kama utambi wa kibatari. Yakapita chini ya ganda lake, yakadondokea mezani, gundi ikiwa kavu kabisa. Pitisheni boliti nzima kwenye kifuniko, waya ufungwe nje. Gasketi msikate kwenye tyubu ya baiskeli, mafuta huivimbisha. Tafuteni mpira wa oili sili. Na juu muache nafasi: lita 10 zikipata joto la nyuzi 30 zaidi huongezeka karibu robo lita.

Mnauona waya huu uliounganisha nguzo mbili za kapasita? Plastiki hufyonza chaji, na hata baada ya kapasita kumaliza umeme wake kwa cheche, huirudisha polepole. Kwa hiyo hata kabatini inalala imefungwa hivi. Haya, naipitisha kwenu, ishikeni. Waya msiufungue.