Fedha Iliyofika Nyumbani: Marekani katika Mdororo Mkuu wa Uchumi, 1933–1938

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa, habari za jioni.

Mada niliyopewa ni mipango ya serikali ya kulinusuru taifa lililokumbwa na mdororo wa uchumi. Mada hii ni pana, nami sitaki kuwapitisha juu juu katika nchi kumi. Nitabaki katika nchi moja na kipindi kifupi, yaani Marekani kuanzia Machi 1933, Rais Franklin Roosevelt alipoingia madarakani na kuanzisha hatua zilizokuja kujulikana kwa jina la New Deal. Hoja yangu ni kwamba hatua zile zilifaulu pale nafuu ilipomfikia mtu wa kawaida mkononi, zilikwenda kombo pale zilipopitishwa kwa wenye nguvu kwa matumaini kwamba wao watawagawia wengine, na ziliyumba vibaya pale serikali ilipojiaminisha mapema kwamba mgonjwa amepona.

Kati ya 1929 na 1933 thamani ya pato la taifa la Marekani ilipungua kwa karibu nusu, maelfu ya benki yalifunga milango, na mfanyakazi mmoja kati ya wanne akawa hana kazi. Bei za bidhaa nazo zilishuka mno. Wanafunzi huniuliza kila mwaka: bei zikishuka, si nafuu kwa mnunuzi? Mtazameni mkulima aliyekopa wakati ngano ina bei nzuri. Deni lake lilibaki vilevile, lakini sasa alihitaji magunia mengi zaidi kulilipa. Mwenye duka alijua kwamba bidhaa atakayoinunua leo ataiuza kesho kwa hasara, kwa hiyo hakuagiza. Kiwanda kilichokosa oda kikapunguza watu. Na waliopunguzwa hawakuwa na cha kununulia hata hicho kilichokuwa rahisi. Mtu mmoja mmoja hawezi kuukata mzunguko wa namna hiyo, hata awe na bidii kiasi gani, kwa sababu kila anayejibana kwa busara yake anamnyima mwenzake kipato.

Roosevelt aliapishwa Jumamosi, tarehe 4 Machi 1933, huku majimbo mengi yakiwa tayari yamefunga benki au yamewawekea wateja ukomo wa fedha za kutoa. Benki, hata ile iliyo nzima, haikai na fedha zote za wateja katika kasha, kwani sehemu kubwa imekopeshwa; wateja wote wakija siku moja, benki nzima na benki mbovu huanguka pamoja. Jumatatu, tarehe 6, Rais aliamuru benki zote nchini zifungwe. Alhamisi Bunge likapitisha, kwa siku moja tu, sheria ya kuzikagua na kuzifungua zile zilizo salama. Jumapili usiku, tarehe 12, Rais akazungumza na taifa kwa redio. Nayapenda sana mazungumzo yale kwa sababu hayakuwa hotuba ya majigambo: alieleza kwa maneno mepesi benki inafanya nini na fedha ya mteja, kwa nini zimefungwa, na zipi zitafunguliwa kesho yake. Asubuhi benki za kwanza zilipofunguliwa, watu walijipanga foleni kurudisha fedha walizokuwa wamezificha nyumbani, na kabla mwezi haujaisha zaidi ya nusu ya fedha hizo ilikuwa imerejea.

Redio peke yake isingetosha, na ndiyo maana sheria ya Juni mwaka huohuo ilianzisha bima ya amana. Kuanzia Januari 1934 mteja alihakikishiwa hadi dola 2,500 iwapo benki yake ingefilisika, na katika mwaka huo benki zenye bima zilizofilisika zilikuwa 9 tu. Wale mlio na akaunti hapa Tanzania mnalindwa na wazo hilohilo kupitia Bodi ya Bima ya Amana, ingawa ni wachache wanaolikumbuka jina la bodi hiyo kabla mambo hayajaharibika.

Baada ya benki zikaja ajira. Machi 1933 hiyohiyo ilipitishwa sheria ya kuwakusanya vijana wasio na kazi katika makambi ya kupanda miti, kuzuia mmomonyoko wa udongo na kujenga njia katika hifadhi za taifa. Kufikia 1942 vijana wapatao milioni 3 walikuwa wamepitia humo, ingawa makambi mengi yaliwatenganisha vijana Weusi na wenzao Weupe. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida dola 25 kati ya hizo zilitumwa moja kwa moja kwa familia yake. Naomba tulitazame jambo hili kwa karibu. Mama aliyepokea dola 25 hakuziweka akiba, kwa sababu hakuwa na uwezo huo. Alipunguza deni la dukani, akanunua unga na viatu, naye mwenye duka akapata nguvu ya kuagiza tena. Serikali haikuhitaji kumfundisha mama yule namna ya kuusukuma uchumi.

Harry Hopkins, aliyesimamia misaada kwa wasiojiweza, aliamini kwamba mtu mzima anayeweza kufanya kazi apewe kazi na ujira badala ya kupangiwa foleni ya posho. Katika majira ya baridi ya 1933 na 1934 mpango wake wa dharura uliajiri watu wapatao milioni 4 kwa muda wa miezi michache, na shirika lililofuata, WPA, liliajiri watu wapatao milioni 8.5 kati ya 1935 na 1943 katika barabara, shule, viwanja vya ndege na hata michoro ya kuta za majengo ya umma.

Sitakaa sana kwenye mpango wa viwanda, uliowaruhusu wenye viwanda kukubaliana kuhusu bei na mishahara. Mahakama Kuu iliubatilisha Mei 1935, na kwa maoni yangu haukuacha pengo. Kilimo kinanigusa zaidi. Ili kupandisha bei, serikali iliwalipa wenye mashamba wapunguze mazao: mwaka 1933 pamba iliyokuwa imekwisha kuota ililimwa chini, na nguruwe milioni 6 wakachinjwa wakati kuna watu wanalala njaa. Bei zilipanda, ni kweli. Lakini malipo yalipitia kwa mwenye ardhi, na Kusini mwa nchi wengi waliolima walikuwa wakulima wa kugawana mazao, Weusi na Weupe, wasiomiliki hata jembe. Mwenye ardhi aliyelipwa kuacha sehemu ya shamba hakuwa tena na haja nao, na wengi wakafukuzwa. Mwaka 1934, huko Arkansas, baadhi yao waliunda chama chao, Weusi na Weupe pamoja, katika jimbo ambalo kukaa hivyo kwenye mkutano mmoja kulikuwa hatari. Mwaka uliofuata sheria ya hifadhi ya jamii iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani, yaani kazi zilizowashikilia wengi wa wafanyakazi Weusi.

Pamoja na kasoro hizo, kati ya 1933 na 1937 uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 8 kwa mwaka, na ukosefu wa ajira ukashuka hadi asilimia 14 hivi, kwa hesabu inayowatia hata waliokuwa kwenye miradi ya serikali katika fungu la wasio na kazi. Hapo ndipo kosa lilipofanyika. Rais, ambaye daima alitamani bajeti isiyo na nakisi, alikubali matumizi yakatwe na miradi ya ajira ipunguzwe. Benki kuu ilikuwa imezitaka benki ziongeze maradufu akiba zinazolazimika kuiweka bila kuikopesha. Makato ya hifadhi ya jamii yalianza Januari 1937, ilhali malipo ya kila mwezi kwa wastaafu yalianza Januari 1940, kwa hiyo kwa miaka mitatu fedha ilitoka zaidi mifukoni mwa wafanyakazi kuliko ilivyorudi. Uzalishaji wa viwandani ulianguka kwa karibu theluthi moja ndani ya mwaka mmoja, na ukosefu wa ajira ukapanda hadi asilimia 19 mwaka 1938.

Aprili 1938 Roosevelt alirudi Bungeni kuomba mafungu mapya ya matumizi, na uzalishaji ukaanza kuinuka katikati ya mwaka huo. Lakini mwaka 1940, kabla viwanda vya silaha havijaanza kuajiri kwa wingi, kiwango cha ukosefu wa ajira kilikuwa bado kiko palepale kilipokuwa mwaka 1937. Miaka mitatu ilikuwa imetumika kurudi mahali ambapo nchi ilikuwa tayari imefika, na walioilipia miaka hiyo ni wale walioondolewa kwenye miradi majira ya joto ya 1937, wakaambiwa wakatafute kazi katika viwanda ambavyo navyo vilikuwa vinafunga.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Nitapokea maswali.