Nani Analipia Njia Kati ya Vituo? Mhadhara kuhusu kitovu cha usafiri katikati ya Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi wa mipango miji na wageni waalikwa,

Nimeombwa nizungumzie jinsi mji unavyoweza kupanga na kugharamia kitovu cha usafiri wa umma katikati yake. Nitabaki Dar es Salaam karibu muda wote, kwa sababu hapa tumejenga mengi katika miaka ya karibuni, na majengo yaliyokwisha kusimama yanafundisha kuliko michoro iliyomo kabatini. Hoja yangu ni kwamba fedha zetu, ziwe za mkopo au za kodi, hufuata barabara na majengo, wala hazimfuati abiria anaposhuka kwenye chombo kimoja na kwenda kutafuta kingine. Kwa kuwa kitovu ni pale hasa anapobadili chombo, tunaweza kujikuta tumegharamia kila kilichokizunguka na kukiacha chenyewe.

Tuitazame hali ilivyo mjini. Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, ambayo sote tunaiita mwendokasi, ina urefu wa takriban kilomita 21, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ilianza kubeba abiria Mei 2016. Upande wa mjini inaishia mahali pawili: Kivukoni, jirani na Feri ambako watu hupanda pantoni kwenda Kigamboni, na Gerezani, kwa ajili ya Kariakoo. Mwaka 2024 ilikuja treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, kwanza hadi Morogoro mwezi Juni, kisha hadi Dodoma, na kituo chake kimejengwa karibu na Stesheni ya zamani. Ukiongeza daladala za Posta na za Kariakoo, utaona kwamba katika eneo ambalo mtu mzima mwenye afya anaweza kulizunguka kwa miguu tuna treni, mabasi ya njia maalumu, daladala na vivuko. Ni miji michache ya ukanda wetu yenye bahati ya namna hiyo.

Sasa mchukueni mama aliyeshuka treni kutoka Dodoma jioni, ana begi la magurudumu, mtoto mmoja mkononi na kiroba cha zabibu, naye anakwenda Kigamboni. Ndani ya jengo kila kitu kinamsaidia, kuanzia ngazi za umeme hadi vibao na taa. Akitoka getini anapokewa na madereva wa bajaji na bodaboda, kila mmoja akimwita dada au mama kwa bei yake. Kituo cha mwendokasi hakiko mbali, na Feri nako si mbali sana, lakini hana uhakika wa kivuli, wala wa taa, wala wa mahali pa kuvukia barabara bila kukimbia. Begi lake linakwama penye kifuniko cha mtaro kilichoinuka. Mwishowe anapanda bajaji, na fedha anayolipa kwa mwendo huo mfupi inazidi mara kadhaa nauli ya mwendokasi na pantoni zikijumlishwa. Hiyo ni kodi anayotozwa kwa sababu ya kazi ambayo hatukuifanya.

Kwa nini hatukuifanya? Nadhani jibu liko katika mgawanyo wa mamlaka kuliko katika uhaba wa fedha. Mwendokasi unasimamiwa na wakala wa DART, ulio chini ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Reli ni ya shirika la TRC, chini ya wizara ya uchukuzi. Vivuko vya serikali viko kwa wakala wa TEMESA, chini ya wizara ya ujenzi. Leseni na nauli za daladala ni kazi ya LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu. Barabara kuu ni za wakala wa TANROADS, mitaa ni ya wakala mwingine, TARURA, na tangu mwaka 2021, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ya zamani ilipovunjwa na hadhi ya jiji kupewa Ilala, hakuna halmashauri moja inayovisimamia vituo hivi na mitaa wanakotoka abiria wake. Kila chombo nilichokitaja kinaweza kuwa kimetimiza wajibu wake kikamilifu na yule mama bado akabaki getini.

Mikopo nayo inautilia nguvu mgawanyo huo. Awamu ya pili, ya barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, imegharamiwa zaidi na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Awamu ya tatu ya Gongo la Mboto na ya nne ya upande wa Tegeta ziliwekwa katika mradi wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ulioidhinishwa mwaka 2017. Kila mkataba una mpaka wake wa eneo la kazi uliochorwa kwa mstari mwekundu, na mkandarasi hana ruhusa wala sababu ya kumwaga zege nje ya mstari huo. Ndiyo maana njia za waenda kwa miguu kando ya barabara ya Morogoro ni nzuri kweli, tena nitazisifu popote, lakini ukikata kona ya kwanza unaingia katika bajeti ya mtu mwingine. Mkopeshaji hupima kilomita na vituo kwa kuwa vinahesabika. Mita mia tatu za kutembea kati ya mradi wake na mradi wa mkopeshaji mwingine hazimo katika ripoti ya yeyote.

Katika kupanga, ardhi iliyo rahisi kupatikana mara nyingi hushinda ardhi inayofaa. Karakana ya mabasi ya Jangwani iliwekwa katika bonde la mto Msimbazi, na kila mvua kubwa inaponyesha tunajua habari itakayofuata. Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, iliyogharimu zaidi ya shilingi bilioni 50, ilifunguliwa Februari 2021 wakati njia maalumu za mwendokasi zilikuwa zinaishia Kimara, kabla ya kufika Mbezi. Sitakaa sana hapo, kwa sababu stendi ya mikoani ni mada ya siku nyingine.

Kuhusu fedha, naomba tusafiri kidogo hadi San Francisco, Marekani. Tetemeko la ardhi la mwaka 1989 liliharibu barabara za juu zilizopita katikati ya mji ule, na zilipobomolewa, ardhi iliyobaki ikaingizwa katika mpango wa kujenga upya kituo kikuu cha mabasi. Mwaka 2001 kikaundwa chombo kimoja cha pamoja cha kusimamia kazi hiyo. Viwanja vikauzwa kwa wajenzi wa maghorofa, kimoja kwa takriban dola milioni 190, na ongezeko la kodi ya majengo katika eneo hilo likaelekezwa kwenye mradi. Hata jina la kituo liliuzwa: kampuni ya Salesforce iliahidi dola milioni 110 kwa miaka 25. Kituo kilifunguliwa Agosti 2018, kikafungwa mwezi uliofuata baada ya nyufa kuonekana katika mihimili ya chuma, na kikafunguliwa tena Julai 2019. Juu kina bustani nzuri. Chini kina ukumbi mkubwa uliochimbwa kwa ajili ya treni, na treni hazijaingia humo hadi leo, kwa sababu kuifikisha reli kutoka kituo cha Caltrain, zaidi ya kilomita mbili kutoka hapo, ni kazi nyingine yenye gharama nyingine. Pamoja na ustadi wao wote wa kukusanya fedha, nao walikwama katika kipande cha kuunganisha.

Hata hivyo ustadi ule wa kukusanya fedha unafaa kuchunguzwa, kwa sababu kituo hupandisha thamani ya ardhi iliyo jirani, na ni haki sehemu ya ongezeko hilo irudi kugharamia kituo. Kwetu ardhi ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, kwa hiyo hatuwezi kuuza kiwanja kama walivyofanya wao, ingawa tunaweza kupangisha kwa muda maalumu au kuingia ubia na mwekezaji. Kizuizi kikubwa zaidi ni kodi ya majengo. Tangu mwaka 2021 tunaikata kupitia LUKU, yaani malipo ya umeme ya kabla, kwa kiwango kimoja, ambacho kilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Ukusanyaji umekuwa rahisi, na sitabeza hilo, lakini kodi hiyo haitazami jengo liko wapi. Sakafu inayotazamana na kituo cha SGR na sakafu iliyo mbali kabisa na usafiri wa umma zinatozwa sawa. Serikali inakopa ili kuongeza thamani ya upande mmoja wa mtaa, kisha haina mkono wa kuifikia thamani hiyo.

Nikiulizwa tuanze wapi, sitapendekeza jengo jipya. Ningetaka eneo lote kuanzia Gerezani kupitia Stesheni hadi Kivukoni lichorewe mpaka mmoja na kupewa msimamizi mmoja, mwenye fungu lake, hata kama vyombo vyote nilivyovitaja vitaendelea na kazi zao. Fungu hilo lijenge kwanza njia ya miguu yenye paa, taa na vivuko vya barabara, likiwa kipengele kinachojitegemea katika mkataba wa mkopo ujao, ili lisiwe la kwanza kukatwa gharama zinapopanda. Pili, majengo yaliyomo ndani ya mpaka huo yathaminiwe upya na kutozwa kwa thamani, kwa kiwango kidogo kitakachoongezeka kadiri huduma inavyoimarika. Tatu, vibanda vya biashara vipangwe kando ya njia hiyo tangu kwenye mchoro. Wamachinga waliondolewa barabarani mwaka 2021 na kupelekwa maeneo mengine, lakini biashara yao hufuata abiria, na abiria watakuwa hapa. Kodi ya pango la vibanda hivyo inaweza kulipa wafagiaji, walinzi wa usiku na fundi wa taa, ambao mkopo wa ujenzi hauwalipi. Mkataba wa pango uandikwe kabla ya njia kufunguliwa, kwa sababu wafanyabiashara watakaokuwa wameshajipanga kwa utaratibu wao wenyewe hawatakubali kuanza kulipa mwaka wa pili.