Cruiser Limezima Ghafla Porini: Usimalize Betri, Anza Hapa

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Leo tupo barabara ya Nachingwea kwenda Liwale, vumbi mnaliona wenyewe. Gari ni Land Cruiser 79, injini 1HZ ya dizeli, silinda sita, lita 4.2. Lilikuwa linapanda kilima na magunia ya korosho, likazima. Mzee mwenye gari keshapiga stata mpaka betri imeanza kulegea. Mzee wangu, weka ufunguo mfukoni kwanza.

Mimi kabla sijashika spana namhoji dereva. Limezimaje? Maana kuzima kuko kwa aina nyingi. Kama limezimia majini, unavuka mto, usipige stata hata mara moja. Fungua eya klina. Ukikuta filta imelowa, maji yameshaingia kwenye silinda, na maji hayabanwi. Ukilazimisha stata unapinda konrodi, ile fimbo ya chuma inayosukuma pistoni. Hapo unatoa hita plagi zote sita, zile za kupasha silinda joto, ndipo unapiga stata maji yaruke nje.

Kama limezima pap, bila dalili, na ukipiga stata injini inazunguka kiwepesi wepesi kuliko siku zote, acha. Fungua kava la mbele uangalie mkanda wa taimingi. Mkanda ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na kila ukiendelea kupiga stata unaongeza hasara. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi haikuwekwa kwa ajili ya urembo, jamani. Kilomita 100,000, badilisha.

Mzee anasema lake limekohoa, likakosa nguvu, likazima. Asante, umeshanipunguzia kazi. Hiyo ni njaa ya mafuta. Ila twende kwa utaratibu.

Washa swichi, usipige stata. Sikiliza kwenye pampu ya dizeli, pale waya mmoja unapoingia kwenye solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya kukata mafuta. Chomoa waya, rudisha. Dogo, sogeza kamera... sio huko, huo ni mkono wangu. Haya, mmesikia? Tik. Umeme upo. Usiposikia, angalia fyuzi, kisha pima kama waya una umeme. Huna testa na uko porini, vuta waya kutoka chanya ya betri uguse hapo. Gari la volti 12 kama hili litawaka, ila kulizima ni mpaka uuchomoe huo waya.

Sasa stata kidogo tu, mtu mmoja aangalie ekzosi. Hakuna moshi kabisa. Moshi mweupe ungetoka, ningejua dizeli inafika ila haiungui. Bila moshi, dizeli haifiki.

Filta ya dizeli. Weka chupa chini, legeza koki ya kutolea maji. Oneni hii... Dogo, karibu zaidi. Hii rangi ni ya uraka, pombe ya mabibo, sio ya dizeli! Mzee, mafuta umenunua wapi? Ya dumu. Haya, tusiseme mengi, vituo huku viko mbali na kila mtu anajua.

Kufungua filta ni rahisi. Huna spana yake, mkanda wa suruali unatosha. Kitambuzi cha maji cha chini unakihamishia kwenye filta mpya, na mpira wake. Sasa sikilizeni hapa: mpira wa juu wa filta ya zamani hupenda kubaki umeng'ang'ania kwenye kichwa cha filta. Pitisha kidole uone. Ukifunga filta mpya juu ya mpira wa zamani, una mipira miwili, itavuta hewa, na utahangaika mpaka giza linaingia. Nimepitisha kidole. Mpira uko wapi? Huu hapa mkononi. Nauonyesha kwa makusudi. Pitisha kidole!

Filta mpya naipaka dizeli kwenye mpira, nafunga kwa mkono. Wapo mafundi wanaoijaza mafuta kwanza. Mimi sipendi, maana ukimimina katikati, uchafu wako unakwenda pampuni bila kuchujwa. Napandisha kwa kipampu cha mkono kilicho hapa juu, mpaka kiwe kigumu.

Kipampu hakiwi kigumu. Ngoja, usikate video, hii ndiyo kazi yenyewe. Na msiniulize mpira, kidole kimepita. Kuna sehemu inavuta hewa. Naijua mbinu ya kuimaliza hii: chomoa bomba linalotoka tangini, chukua kipande cha bomba la mpira safi, upande mmoja kwenye filta, mwingine ndani ya dumu la dizeli safi lililowekwa juu ya mdigadi. Pampu... kimekaza! Basi filta na kichwa chake ni wazima, ugonjwa uko kati ya hapa na tangi.

Huyu hapa. Bomba la mpira la dizeli limepasuka chini ya klampu, ufa mdogo hata kamera haiuoni. Nakata kipande kibovu, bado lina urefu wa kutosha, nabana upya. Kipampu kigumu sasa.

Mwisho, hewa kwenye nozeli, zinazopulizia dizeli ndani ya silinda. Spana namba 17, legeza nati za bomba mbili tatu, Mzee apige stata sekunde kumi, apumzike. Vidole mbali! Dizeli ya pampu ina presha ya kupenya ngozi, na ikiingia hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tundu ni dogo. Usizibe kwa kidole kujaribu. Vidole mbali. Inatema povu... inatema dizeli tupu. Kaza.

Piga. Eeh! Sikia hiyo.

Filta na mipira ya dizeli tunayo dukani Masasi, njoo na ya zamani mkononi tulinganishe. Mzee, usizime mpaka ghalani, na kesho asubuhi kabla hujawasha legeza ile koki tena, kwa sababu tangini bado kuna maji.