Gereji ya Jioni: Pampu ya 1HZ, saa au sikio?

SHAMTE: Karibuni tena Gereji ya Jioni, tuko Arusha kama kawaida. Leo tulipanga mambo matatu: kuseti taiming ya pampu ya dizeli, yaani wakati dizeli inapoingia kwenye silinda, kupima nozeli zinazoinyunyiza, halafu kutoa upepo kwenye njia ya dizeli. Dada Neema, mbona unanuka dizeli mpaka huku?

NEEMA: Nimerudi usiku kutoka Mto wa Mbu, kaka. Land Cruiser ya watalii, injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita. Pampu ilikuwa inavuja, ikafunguliwa kwenye gereji moja, ikabadilishwa sili, ikarudishwa. Asubuhi injini imeshika mara moja, inaunguruma vizuri, dereva karidhika, kapakia wageni. Kuanza ule mlima wa kwenda Karatu, gari ikaisha nguvu. Moshi mweupe nyuma, joto linapanda.

SHAMTE: Ikiwa ya baridi nzima, ikipata joto inachoka. Hiyo taiming imechelewa.

NEEMA: Imechelewa, na ukiangalia lile joto unajua kwa nini. Pampu ile ina kifaa cha nta kinachopitiwa na maji ya injini. Maji yakiwa ya baridi, kile kileva kinasukuma ringi ya rola ndani ya pampu, dizeli inawahi kuingia ili injini ishike. Maji yakipata moto, nta inavimba, kileva kinaachia, taiming inarudi. Sasa fundi akipima injini ikiwa ya baridi bila kukitenga kile kileva, anasoma taiming imewahi, anairudisha nyuma. Asubuhi gari inakwenda vizuri. Mlimani imepata moto, kifaa kimeachia, imechelewa.

SHAMTE: Ulikitengaje?

NEEMA: Nilikirudisha nyuma nikabana kipande cha chuma katikati, kileva kikae mahali pake pa moto. Ndipo nikaleta pistoni namba moja juu kwenye kompresheni. Kwenye silinda sita, moja na sita zinapanda pamoja, kwa hiyo alama ya puli peke yake haitoshi, hakikisha valvu za namba moja zote zimelegea. Nikafungua ile bolti ya katikati ya kichwa cha pampu, pale paipu zinapoizunguka, nikafunga dayo geji, ile saa ya sindano ya kupimia.

SHAMTE: Subiri kidogo. Kabla ya saa, flenji, pale pampu inapofungwa kwenye injini, ilikuwaje? Alama za mahali pampu ilipokaa ulizikuta?

NEEMA: Alama tatu za tindo! Moja imelimwa juu ya nyingine. Kila aliyewahi kufungua ile pampu kapiga yake, na hakuna aliyefuta ya mwenzake.

SHAMTE: Ndiyo maana mimi naweka rangi ya kucha. Tindo inakaa milele, hata pampu ikibadilishwa mtu anaiamini. Chaki inaondoka na tone la kwanza la dizeli. Kalamu nayo inaondoka. Rangi ya kucha inavumilia, na kazi ikiisha unaifuta mwenyewe.

NEEMA: Na hiyo rangi ni ya wifi?

SHAMTE: Ni ya wifi yako, ndiyo. Nyekundu. Nyekundu inaonekana hata na tochi ya simu.

NEEMA: Anajua?

SHAMTE: Ananinunulia mwenyewe sasa. Juzi kaleta na ya bluu, nikapata wazo zuri: nyekundu ni mahali nilipoikuta, bluu ni mahali nilipoiacha. Fundi anayekuja baada yangu anasoma historia yote.

NEEMA: Hilo la rangi mbili nimelipenda, kesho nanunua. Lakini wasikilizaji waelewe, alama ya flenji ina maana pampu ikiwa ni ileile na gia imerudi kwenye jino lake. Ukifunga pampu ya mtumba, alama ya zamani haikuambii kitu.

SHAMTE: Hapo ndipo rangi ya tatu inapohitajika.

NEEMA: Kaka Shamte!

SHAMTE: Kweli! Kijani, pampu imebadilishwa. Haya, na mkanda wa taiming? Maana wengi wakibadilisha mkanda wanahamia kuisumbua pampu.

NEEMA: Kwenye 1HZ waiache. Krenki inazungusha pampu kwa gia, mkanda ule mfupi unatoka kwenye pampu kwenda kamshafti, inayofungua valvu. Mkanda ukilegea, zinazopotea ni valvu.

SHAMTE: Sasa nikupinge. Wewe ulipima, ukaseti. Mimi ningeiwasha, nikaisikiliza, nikaipandisha mlima, nikaisogeza kidogokidogo. Saa yako inapima injini imezimwa. Ndani kuna pampu ndogo inayojenga presha kadiri mwendo unavyopanda, na presha hiyo ndiyo inayosukuma pistoni ya kuwahisha taiming. Pampu iliyochakaa, presha yake ni dhaifu. Utaseti kama kitabu kinavyosema, barabarani bado itachelewa.

NEEMA: Presha hiyo inapimwa kwenye benchi la pampu, mashine ya kuizungushia nje ya gari.

SHAMTE: Seronera, katikati ya Serengeti, kuna benchi?

NEEMA: Pampu iliyochakaa inatengenezwa, haifichwi kwa kuizungusha! Na sikio linapenda vibaya, kaka. Taiming ikichelewa injini inakuwa laini, mteja anafurahi, kumbe egzosi inaungua. Ikiwahi sana inagonga na inajibu haraka kwenye mafuta, dereva anasema ina nguvu, kumbe pistoni zinapigwa.

SHAMTE: Sikio la mwanafunzi, sawa. Langu linatofautisha kugonga kwa nozeli na kugonga kwa taiming.

NEEMA: Na mwenye gari atajuaje kama sikio lako leo lina mafua? Sindano inasoma sehemu moja ya mia ya milimita.

SHAMTE: Inasoma hivyo kwa pampu mpya. Sikubali.

NEEMA: Nami sikubali. Niiache saa kwa sababu ya porini? Inaingia mfukoni, ibebe.

SHAMTE: Naibeba. Naipima mwisho, baada ya mlima.

NEEMA: Mwanzo! Mlima unakuja kuthibitisha.

SHAMTE: Tutakesha. Angalau waambie jinsi ya kuzungusha, maana dakika zinaisha na nozeli hatujazigusa.

NEEMA: Zungusha mwili wa pampu kinyume na mzunguko wa shafti yake, unawahisha. Ufuate mzunguko, unachelewesha. Legeza nati za flenji pamoja na paipu za nozeli, la sivyo paipu zitaivuta pampu irudi. Na ukishakaza, pima tena, maana kukaza kwenyewe kunaisogeza.

SHAMTE: Nozeli na upepo vihamie kipindi kingine. Kuna msikilizaji wa Babati ameuliza kuhusu injini ya 1HD ya turbo, na yeye asubiri.

NEEMA: Aniandikie kwanza kama pampu yake imewahi kubadilishwa.

SHAMTE: Na rangi gani amekuta kwenye flenji.